Ndege nao wana kamati? Hivi vikundi kazi vya kimataifa vinafanya nini hasa

Jamani hili tuliongee, maana kila ikifika Januari maswali ni yaleyale. Watu wanaonekana Ziwa Manyara au kule maziwa ya Momella wamesimama na darubini kwenye miguu mitatu, wanahesabu ndege wanaandika kwenye karatasi, ukiuliza unaambiwa ni sensa ya ndege wa majini na matokeo yanaenda kwa wataalamu wa kimataifa, kuna kikundi kazi chao. Basi hapo ndipo watu wanapoanza, kikundi kazi gani, cha nani, kwani ndege nao wana kamati, na hiyo hela si ingejenga zahanati. Wengine wanaenda mbali zaidi, eti wazungu wanatupimia ndege wetu ili baadaye watupangie. Na kwa kuwa Chuga, yaani Arusha, ndio kwenye makao makuu ya TANAPA wa hifadhi za taifa na TAWIRI wa utafiti wa wanyamapori, na Moshi kuna Mweka ambako watu wanasomea wanyamapori tangu 1963, sisi ndio tulitakiwa tuwe tunawaelewesha wenzetu wa mikoa mingine, lakini wapi, na sisi tunauliza.

Tuanze na maana zenyewe. Kikundi kazi cha ndege ni watu wa nchi tofauti wanaoshughulika na ndege wa aina moja, au jamii moja ya ndege, au tatizo moja linalowapata ndege. Basi. Sio shirika lenye jengo na geti, sio askari, mara nyingi hata ofisi hawana, ni majina, barua pepe, vikao vya mtandaoni na mara mojamoja wanakutana uso kwa uso.

Viko vya aina mbili hivi ambavyo utavisikia sana. Kuna vilivyo chini ya mikataba ya serikali, mfano AEWA, huo ni mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia, ulikubaliwa 1995 ukaanza kutumika 1999, Tanzania imo, na unagusa aina 255 za ndege. Ndege fulani akiwa na hali mbaya nchi zilizo kwenye njia yake zinaandaa mpango wa pamoja wa kumuokoa, halafu kila nchi inatoa mtu wa serikali na mtaalamu, wanakaa na mratibu kuangalia mpango unatekelezwa au umelala kabatini. Yule korongo mwenye taji la dhahabu kichwani, aliyepo kwenye bendera ya Uganda, ana kikundi chake cha namna hiyo. Aina ya pili ni vikundi vya wataalamu vya IUCN, hawa wa ile orodha nyekundu ya viumbe vilivyo hatarini. Kuna cha flamingo, kuna cha tumbusi, ukijumlisha na vya tembo, vifaru, mimea na vingine vyote vinapita 160, na wengi waliomo wanajitolea, wana ajira zao kwingine.

Neno la mwisho ni ufuatiliaji. Maana yake ni kuhesabu kitu kilekile, mahali palepale, kwa njia ileile, mwaka hadi mwaka, mpaka ujue kinapanda au kinashuka. Ukihesabu mara moja ukaondoka umepata namba tu, hujafuatilia chochote.

Sasa ugumu wote uko hapa: ndege hajui kama kuna mpaka pale Namanga.

Kumbuka sensa ya watu ya 2022. Karani alikuwa hakuulizi wewe ni wa wapi, anauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23, hata kama ni mgeni amekuja kwenye msiba kesho anarudi Tanga anahesabiwa hapohapo alipolala. Walifanya vile kwa sababu wangehesabu Arusha mwezi wa nane na Tanga mwezi wa kumi, kuna watu wangehesabiwa mara mbili na wengine wasihesabiwe kabisa. Ndege ni hivyohivyo, ila wao wana mabawa na hawamsubiri karani. Chukua Ziwa Jipe, mpaka unapita katikati ya maji, huku ni Mwanga kule ni Taveta. Sisi tukihesabu bata Jumatatu na Wakenya wakahesabu wiki mbili baadaye, bata walewale wanaweza kuwa raia wa nchi mbili kwenye ripoti mbili, na hakuna aliyedanganya.

Ndio maana hesabu ya ndege wa majini inafanyika Januari karibu kila mahali. Ilianza huko Ulaya 1967, Afrika ikaingia 1991, na inaratibiwa na shirika la Wetlands International lenye makao yake Uholanzi. Januari ilichaguliwa kwa sababu wale ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Urusi wanakuwa wameshafika walipokuwa wanakwenda na wametulia, hawapo njiani. Ukisubiri mwezi wa tatu au wa nne unawakuta wanafungasha kurudi.

Kazi ya kwanza ya wataalamu hawa basi ni ya kuchosha kabisa, kukubaliana. Tarehe gani, fomu gani, tunahesabuje wakiwa laki moja wamebanana? (Huwa hawahesabu mmoja mmoja, wanahesabu kumi, wanaangalia hao kumi wanachukua nafasi kiasi gani, wanapata mia, kisha wanaangalia kundi zima lina mia ngapi, na penye wengi sana inapigwa picha kutoka angani watu wanaenda kuhesabu vichwa mezani.) Mtu akileta fomu imeandikwa "flamingo wengi mno" amefurahia safari lakini hajaleta data. Na mwingine akihesabu ziwa zima huku mwenzake kahesabu upande wa barabara tu, zile namba mbili huwezi kuziweka kwenye jedwali moja.

Ukitaka kuona faida yake angalia flamingo, maana hapo mambo yanakuwa matamu.

Flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na 2.5, na kuzaliana kwao kunakotegemewa ni Ziwa Natron, hapa hapa mkoani kwetu. Huwa inatajwa kwamba robo tatu ya flamingo wadogo wote duniani wameanguliwa Natron. Maji yale ni magadi makali, tope linaunguza, fisi na mbweha hawawezi kuvuka, ndio maana ndege wanajenga viota vyao vya tope katikati kule na kutaga yai mojamoja kwa amani. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wanawaona flamingo kila mahali lakini hawajui wanazalia wapi. Mwaka 1954 jamaa mmoja afisa kilimo wa Kenya, Leslie Brown, akaviona viota akiwa kwenye eropleni juu ya Natron, akajaribu kuvifuata kwa miguu, magadi yakamchubua miguu vibaya akaishia hospitali.

Ila Natron ni kwa kuzalia. Kula wanakula popote penye mwani wao, ule wa rangi ya kijanikibichi unaoitwa spirulina, leo wako Manyara, kesho Momella, keshokutwa Bogoria au Elmenteita au Nakuru kule Kenya, na safari zao ndefu wanazipiga usiku. Yaani unalala ziwa lina rangi ya waridi, unaamka maji matupu. Kwa mtu wa kijiji cha jirani hicho ni kifo au ni muujiza, inategemea yuko ziwa lipi.

Mfano wa wazi ni Nakuru. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya lile ziwa yaliongezeka sana, magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na flamingo waliokuwa wanalipa jina ziwa lile wakapungua. Watu wakaanza kusema flamingo wanaisha. Aliyekuwa anahesabu Nakuru peke yake alikuwa na haki ya kulia, namba zake zilikuwa za kweli kabisa. Lakini mwenye ziwa lingine walikohamia angeweza kuandika ripoti ya furaha mwaka huohuo na yeye namba zake ni za kweli. Ripoti mbili za kweli, zinapingana, na hakuna hata moja inayokwambia kama flamingo wamepungua duniani.

Halafu geuza upande wa pili. Mwaka 2004 Ziwa Manyara flamingo walipungua na hawakuwa wamehama, walikufa, makumi ya maelfu, watafiti wakashuku sumu inayotengenezwa na aina fulani ya mwani. Kwenye karatasi ya mtu anayehesabu kwa darubini ziwa linalohamwa na ziwa lenye vifo yanafanana, mwaka jana wengi mwaka huu wachache. Cha kutofautisha ni kuwa na mtu Nakuru, mtu Bogoria, mtu Manyara, mtu Natron, wote wamehesabu siku za karibu, wanapigiana simu, na pembeni kuna daktari wa mifugo wa kupima mizoga. Hicho ndicho kikundi kazi kwa kweli, hayo mengine yote ni makaratasi.

Na hii sio elimu ya kujifurahisha tu. Miaka ya 2000 kulikuwa na mpango wa kiwanda kikubwa cha magadi pale Natron, mjadala ukawa mkali, kampuni iliyokuwa inataka kujenga ikajiondoa 2008, na mwaka huohuo mpango wa kimataifa wa kumlinda flamingo mdogo ukachapishwa. Hoja iliyokuwa inarudi kila mara kwenye mjadala ni hii: si kuna maziwa mengi, ndege si watahamia kwingine? Mtu wa Natron peke yake hawezi kuijibu. Inajibiwa na waliohesabu kwingine kote wakakuta kuna kula lakini hakuna kuzaa kwa kuaminika. Kusini kuna Botswana na Namibia, India nayo ipo, lakini hayo ni makundi mengine na mbali. Kwa Afrika Mashariki ni Natron. Na hata Natron sio yetu peke yetu kwa maana ya maji, mto Ewaso Ng'iro wa Kusini unaoingia kwa kaskazini unatoka milima ya Mau nchini Kenya, misitu ya kule ikikatwa tope linakuja huku kwetu.

Namba hizo za pamoja ndizo zinazotumika pia kwenye mkataba wa Ramsar wa ardhioevu. Vigezo viwili vinasema eneo likiwa na ndege wa majini 20,000 au zaidi kwa kawaida, au likiwa na asilimia 1 ya kundi zima la ndege wa aina fulani, lina umuhimu wa kimataifa. Asilimia 1 ya ngapi? Lazima mtu awe amejumlisha nchi zote kwanza. Natron iliingia kwenye orodha hiyo 2001.

Tumbusi nao wana hadithi yao, nitaipitia haraka. Hawa ndege wa mizoga wameshuka vibaya Afrika, aina kadhaa zimewekwa ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini. Wanazunguka mbali mno, aina ya Rüppell aliwahi kugongana na ndege ya abiria huko Abidjan 1973 kwenye urefu wa zaidi ya kilomita 11 kwenda juu, na ukimuona leo Serengeti usishangae wiki ijayo yuko Maasai Mara na nchi nyingine baadaye. Kinachowaua sana ni sumu. Mfugaji kaliwa ng'ombe na simba anapaka sumu kwenye mzoga, wanakufa tumbusi mia wakati simba hayupo. Na majangili wanafanya makusudi kwa sababu tumbusi wakizunguka angani askari wanajua pana mzoga, Botswana mwaka 2019 walikufa tumbusi 537 kwenye tukio moja kwa mizoga ya tembo watatu. Mpango wa pamoja ulipitishwa 2017 chini ya mkataba wa ndege na wanyama wanaohama, unahusu aina 15 na nchi 128. Hapa wataalamu hawahesabu ndege tu, wanakusanya pia matukio ya sumu Afrika nzima sehemu moja, maana ukilinda tumbusi Serengeti vizuri kabisa halafu akaenda kulishwa sumu ya wadudu kama Furadan nchi nyingine umelinda nusu.

Haya, maneno ya mtaani.

La kwanza, ni posho tu. Sitakataa kabisa, tunaijua nchi yetu, semina zenye chai ya saa nne na vitafunwa ni nyingi kuliko kazi inayofuata. Ila wanaojua hii kazi watakwambia sehemu kubwa inafanywa na watu hawalipwi, mwanafunzi wa Mweka, dereva wa safari anayependa ndege, bibi mstaafu mwenye darubini, wanaamka alfajiri kwa mafuta yao. Hao ndio wanaojaza fomu. Wanaofika kwenye mkutano ni wachache.

La pili, wazungu wanachukua ndege wetu. Kuhesabu hakuchukui kitu, na mtafiti wa nje hapa Tanzania haingii porini kienyeji, lazima apite COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI kwa vibali, na kusafirisha hata unyoya kuna utaratibu wake. Na hivi vikundi havina mamlaka ya kuamrisha serikali yoyote, vinashauri, serikali ndiyo inaamua. Pia wataalamu sio wazungu peke yao, Oktoba 2012 mkutano wa wataalamu wa ndege wa Afrika nzima ulifanyika hapahapa Arusha, na waliojaa ukumbini walitoka kila kona ya bara hili.

La tatu linatoka kwa wakulima na mimi naliheshimu: nyie mnalinda ndege wakati kweleakwelea wanamaliza mpunga wetu. Mtu wa Mto wa Mbu au wa skimu za Moshi chini ana haki ya kukasirika, kweleakwelea mmoja anakula gramu kama 10 za nafaka kwa siku, kundi la milioni moja ni tani 10 kila siku. Lakini kweleakwelea hayumo kwenye hiyo mipango ya kuokoa, yeye ana utaratibu wake wa nchi nyingi pia, kwa mfano shirika la nzige wa jangwani la Afrika Mashariki, DLCO, lililoundwa 1962, nchi wanachama wanachangia ndege za kunyunyizia dawa na taarifa za makundi yalipo. Wanaohesabu na wanaonyunyizia wanatakiwa waongee, kwa sababu dawa ileile inaua na mwewe atakayekula kweleakwelea anayekufa. Huwa hawaongei vya kutosha, huo ni mtazamo wangu.

La nne, mafua ya ndege. Yakitangazwa popote duniani kuna mtu ataandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba tukate miti wanapolala ndege wa porini. Kuna kikosi cha wataalamu kiliundwa 2005 kwa ajili ya hilo tu, kati ya watu wa mkataba wa wanyama wanaohama na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na ushauri wao haujabadilika: kuua ndege wa porini au kuvuruga wanapoishi hakusaidii, unawatawanya tu na unaweza kusambaza zaidi. Na ukoo wa kirusi hiki unaosumbua dunia ulionekana kwanza kwenye bata bukini wa kufugwa huko Guangdong, China, mwaka 1996, sio kwa ndege wa ziwani. Mfugaji wa kuku Moshi atafaidika zaidi akizuia ndege wa porini wasinywe maji ya kuku wake na akibadilisha viatu kabla ya kuingia bandani.

Kama kuna jambo la kuwalaumu hawa wataalamu, kwangu ni kwamba matokeo hayarudi. Ripoti inaandikwa Kiingereza, kurasa mia na kitu, inapakiwa kwenye tovuti, wakati mchungaji wa Engaresero anayeishi na wale flamingo, ambaye angeweza kuwaambia siku ya kwanza vifaranga walipoonekana, hajawahi kuambiwa hata kwa mdomo kwamba mwaka huu wametoka wangapi. Halafu tunashangaa anaamini stori za mitaani.

Na stori kubwa ya mitaani ni ya ujasusi. Ndege anapatikana ana pete mguuni au kikopo mgongoni chenye waya, watu wanasema katumwa. Usidhani ni sisi tu, mwaka 2011 Saudi Arabia walimkamata tumbusi mwenye kifaa cha Chuo Kikuu cha Tel Aviv, na 2013 huko Qena nchini Misri mvuvi alimpeleka korongo polisi kwa sababu hiyohiyo. Vyote vilikuwa vifaa vya watafiti. Kile cha mgongoni kinatuma mahali alipo kwa setilaiti au mtandao wa simu, na kanuni inayotumika sana ni kwamba kisizidi kama asilimia 3 ya uzito wa ndege mwenyewe. Pete ya mguuni haitumi chochote, ni bati jepesi lenye namba na anwani. Mbayuwayu mmoja aliyevishwa pete Uingereza 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, na hapo ndipo watu walipopata ushahidi kwamba kale kandege kanafika huku. Jirani zetu wa Ngulia, Tsavo Magharibi, wanavisha pete ndege wanaohama tangu 1969, usiku wa ukungu ndege wanavutwa na taa za hoteli, wanaingia kwenye nyavu, wanapimwa, wanavishwa, wanaachiwa.

Kwa hiyo ukimkuta ndege hai mwenye pete, usimvue. Mpige picha mguu mpaka namba isomeke, andika mahali na tarehe, muachie aende. Akiwa amekufa unaweza kuitoa pete, inyooshe taratibu namba zisifutike, ila kama kuna tetesi za mafua ya ndege au kuna mizoga mingi sehemu moja usishike kwa mikono mitupu, mwite ofisa mifugo. Picha na maelezo peleka TAWIRI hapa Arusha, au ofisi ya hifadhi iliyo karibu nawe, au tuma kwenye anwani iliyochongwa kwenye pete yenyewe, mara nyingi wenyewe watakuandikia kukwambia huyo ndege alivishwa wapi na alikuwa na umri gani.